Fizi zilizoharibika sana: kwa nini zinauma sasa, na je, meno yote yang'olewe?

Swali: Daktari, nina miaka 51. Kwa miaka mingi fizi zangu zimekuwa zikitoka damu ninapopiga mswaki, lakini hazikuwahi kuniuma, kwa hiyo sikuhangaika. Mwaka huu mambo yamebadilika. Gego la chini upande wa kushoto linauma nikitafuna, fizi yake imevimba mara mbili ikatoa usaha, na meno mawili ya mbele yanacheza. Nikimeza antibiotiki maumivu yanapoa, baada ya wiki kadhaa yanarudi. Daktari aliyenipiga picha alisema mfupa umeliwa sana na ninahitaji kusafishwa chini ya fizi kwa ganzi. Naogopa uchungu wa kazi hiyo, na naogopa pia kwamba ugaga ukitolewa meno yatalegea na kudondoka. Dada yangu ananishauri niyang'oe yote nipumzike. Nina kisukari na ninatumia vidonge. Nifanye nini?

Jibu: Pole sana, dada. Kwa kifupi, kubali kusafishwa chini ya fizi, tena mapema. Usikubali kung'olewa meno yote kabla kila jino halijapimwa peke yake. Na acha kununua antibiotiki kila uvimbe unaporudi. Sababu zake nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa mgonjwa anayeelewa kinachoendelea chini ya fizi zake hustahimili matibabu vizuri kuliko yule aliyepewa amri tu.

Kwanza lile lisilosubiri. Uvimbe ukitoka kwenye fizi ukashuka chini ya taya au shingoni, ukapata homa, mdomo ukagoma kufunguka, kumeza mate kukawa kazi au pumzi ikabana, usingoje miadi ya daktari wa meno. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Maambukizi ya jino yakisambaa chini ya ulimi na shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa. Kwako tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu kisukari kisichotulia hudhoofisha kinga, na maambukizi nayo huipandisha sukari.

Kama hakuna dalili hizo, maumivu ya kungojea siku ya daktari hutulizwa na dawa za kawaida. Kwa watu wengi ibuprofeni ndiyo inayofaa zaidi, maana hupunguza na uvimbe wenyewe: miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi miligramu 1200 kwa siku bila maelekezo ya daktari. Parasetamoli kwa mtu mzima ni miligramu 500 hadi 1000 kwa mara moja, isizidi 4000 kwa saa 24, na hizo mbili zikitumiwa pamoja hutuliza kuliko kila moja peke yake. Lakini wewe ningependa uanze na parasetamoli. Kisukari cha miaka mingi huweza kugusa figo bila mwenyewe kujua, na ibuprofeni si rafiki wa figo zilizochoka. Hali kadhalika kwa mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, au mjamzito: wasiimeze kabla ya kuuliza. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja, ukasukutua taratibu mara kadhaa kwa siku, husaidia pia. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya fizi. Asidi yake huunguza nyama na kukuachia kidonda cha pili. Mafuta ya karafuu hutia ganzi ya muda, lakini yakipakwa bila kuchanganywa na mafuta mengine nayo huunguza, na hayafiki kabisa mahali tatizo lilipo.

Sasa, swali ambalo hukuliuliza moja kwa moja lakini limo ndani ya barua yako yote: kwa nini miaka mingi bila maumivu, halafu ghafla hivi?

Ugonjwa wa fizi kwa tabia yake hauumi. Huanza na utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye meno pale yanapokutana na fizi. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake nchini Denmark walichapisha jaribio ambalo watu wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba, na waliporudia kusafisha zikapona. Hatua hiyo ya kwanza, ya fizi nyekundu zinazotoka damu, hurudi nyuma kabisa. Utando ukiachwa hukomaa, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga mgumu, na juu ya ugaga huo utando mpya hushika kwa urahisi zaidi. Kwa baadhi ya watu mwili huujibu kwa uvimbe usiokoma, na ni uvimbe huo wa mwili wenyewe unaoyeyusha nyuzi zinazoliunganisha jino na mfupa, kisha mfupa wenyewe. Fizi huachana na jino na kuacha mfuko.

Mfuko huo ndio moyo wa habari yote. Kwenye fizi nzima, kijifereji kati ya jino na fizi huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Kikifika 4 na kutoka damu kinapoguswa, kuna kazi ya kufanya. Kikifika 6 na kuendelea, mswaki hauwezi kufika chini, na mara nyingi mfupa umeshapungua kiasi kinachoonekana wazi kwenye eksirei. Kwa kuwa mdomo wa mfuko uko wazi juu, usaha na majimaji hutoka kidogo kidogo bila kujikusanya. Maumivu makali ya mdomoni kwa sehemu kubwa hutokana na mgandamizo, na hapa mgandamizo haupo. Ndiyo maana mtu huweza kupoteza nusu ya mfupa unaoshika meno yake akiwa analala usingizi mzuri. Ile damu ya miaka yote ndiyo iliyokuwa taarifa. Sikuambii haya kukulaumu. Karibu kila mgonjwa ninayempokea katika hatua hii ana historia kama yako, na kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa wa fizi uliofikia hali mbaya. Nakuambia kwa sababu ya jambo moja la kushika: katika ugonjwa huu maumivu si kipimo. Yakija hayasemi ugonjwa umeanza, na yakiondoka hayasemi umekwisha. Mfupa wako haujui kama umemeza dawa ya maumivu.

Kwa nini basi linauma sasa? Maumivu ya hatua hii yana vyanzo tofauti, na kila kimoja kina tiba yake. Mtu akitibiwa kimoja wakati anaugua kingine, hutoka akisema matibabu hayakufaa kitu.

Kwa maelezo yako, la kwanza ninalolifikiria ni jipu la fizi. Mdomo wa mfuko mrefu ukiziba, labda kwa mabaki ya chakula yaliyosukumiwa ndani au kwa fizi iliyovimba, usaha uliokuwa ukitoka kimya kimya hukosa njia. Fizi hujaa, jino huhisi kana kwamba limerefuka, na ukiuma linakuwa la kwanza kugusana na mwenzake. Tiba yake ni kuutoa usaha, ama kwa kuingia kupitia mfuko wenyewe ama kwa kukata kidogo, kisha kuosha na kuondoa kilichoziba. Mara nyingi nafuu huanza siku hiyo hiyo. Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: jipu la namna hii hupenda kumtokea mtu aliyesafishwa juu juu tu, au aliyemeza antibiotiki bila kusafishwa. Sehemu ya juu ya fizi hunywea na kubana jino, huku ugaga na bakteria wakibaki chini. Mlango umefungwa, adui yuko ndani.

Chanzo cha pili kinaweza kuwa kiini cha jino, yaani neva na mishipa ya damu iliyo katikati yake. Gego lina mizizi zaidi ya mmoja, na mfuko ukishuka hadi karibu na ncha ya mzizi, au ukaingia pale mizizi inapoachana, bakteria wanaweza kuingia ndani ya jino. Inaweza kutokea kinyume chake pia: jino limekufa ndani kwa sababu nyingine, na usaha wake unapitia kwenye fizi ukionekana kama ugonjwa wa fizi. Maumivu ya kiini yana sura yake. Huja yenyewe bila kuguswa, huzidi usiku ukilala, huamshwa na kinywaji cha moto na kubaki dakika nzima au zaidi baada ya kumeza. Daktari hulipima jino kwa baridi au kwa umeme mdogo na kuangalia ncha za mizizi kwenye picha. Hili ni muhimu mno kwako. Kama kiini kimekufa, kusafisha fizi peke yake hakutaliponya gego hilo hata lisafishwe mara ngapi. Mzizi hutibiwa kwanza kwa ndani, na fizi hufuata. Na kama tatizo lilianzia ndani ya jino, tiba ya mzizi pekee inaweza kuufunga mfuko uliokuwa ukidhaniwa ni wa fizi.

Vyanzo vingine ni vyepesi kuvieleza. Fizi ikishuka mzizi hubaki wazi, na mzizi hauna gamba gumu linaloufunika kama sehemu ya juu ya jino. Baridi, utamu au upepo huleta uchungu mkali unaopita mara moja. Hapo dawa za meno zenye potasiamu naitreti au floridi ya stanasi husaidia, ila zinahitaji wiki 2 hadi 4 za kutumiwa bila kuruka siku. Mzizi ulio wazi pia huoza upesi kuliko jino lenye gamba, kwa hiyo nao ukaguliwe. Kisha kuna maumivu ya jino lililolegea, yale ya uzito mzito wakati wa kutafuna, kwa sababu mfupa uliobaki ni mchache na unabeba mzigo uleule wa zamani. Meno yako mawili ya mbele yanaweza kuwa hapa. Daktari huweza kuyasawazisha kidogo yasigongane vibaya na ya juu yake, au kuyaunganisha na majirani wake kwa utepe mwembamba unaogandishwa kwa nyuma.

Nitaje na hali moja adimu, kwa ajili ya wasomaji wengine zaidi kuliko wewe. Fizi zikiuma vikali kote, ncha za nyama kati ya meno zikawa na utando wa kijivu kana kwamba zimelika, damu ikatoka bila hata kuguswa na harufu ikawa nzito, huo si ugonjwa wa polepole ninaoueleza hapa. Ni fizi zinazokufa, na huwapata zaidi watu ambao kinga yao imeshuka, wenye utapiamlo, msongo mkubwa au wavutaji sigara. Huyo amwone daktari mapema, na kipimo cha VVU ni sehemu ya kumhudumia vizuri.

Tuje kwenye hofu zako. Uchungu wa kusafishwa chini ya fizi: kazi hii hufanywa kwa sindano ya ganzi, ileile inayotumika kung'olea jino. Ukishaganda utahisi kusukumwa, mtetemo na maji. Hupaswi kuhisi uchungu. Daktari hutumia kifaa kinachotetema kwa kasi kubwa pamoja na vifaa vya mkono vyembamba vyenye ncha iliyopinda, akishuka hadi mwisho wa mfuko na kuusugua mzizi mpaka uwe safi. Mdomo mzima huchukua miadi miwili au zaidi, ingawa wengine huumaliza ndani ya saa 24. Kuna hali moja ambayo ganzi husuasua kweli: nyama iliyovimba na kujaa usaha huwa na asidi, na asidi huipunguza dawa nguvu. Kama siku ya miadi gego lako litakuwa limevimba, mwambie daktari kabla hajaanza. Anaweza kuchoma sindano mbali zaidi, kule nyuma ambako neva ya taya inaingia, au akatoa usaha kwanza na kusafisha siku nyingine. Kubalianeni ishara ya mkono, na usione haya kuinyanyua. Daktari wa meno hapati faida yoyote kwa mgonjwa kujikaza. Mgonjwa anayejikaza hasogei vizuri, na mifuko ya nyuma ndiyo hubaki na uchafu.

Ganzi ikiisha, tarajia fizi kuwa laini na zenye maumivu madogo kwa siku 1 hadi 3, yanayotulizwa na parasetamoli. Meno yatasikia baridi kwa wiki kadhaa. Na nakuomba ujiandae kwa jambo la macho: fizi zilizokuwa zimevimba zitanywea, meno yataonekana marefu, na nafasi nyeusi zitajitokeza kati yake. Wapo wagonjwa wanaolia wakijiona kwenye kioo, wakidhani wameharibiwa. Ile fizi iliyojaa ilikuwa uvimbe. Iliyobaki ndiyo fizi yenyewe.

Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba ugaga hushikilia meno. Naielewa, kwa sababu inatokana na kitu ambacho watu wamekiona kwa macho. Mtu amekuwa na ugaga mnene uliojaa kati ya meno na kuyabananisha, anasafishwa, kesho yake anagusa kwa ulimi na jino linacheza zaidi. Lakini jino hushikwa na nyuzi zinazotoka kwenye mzizi kwenda kwenye mfupa. Ugaga hauna nyuzi hata moja; umekaa tu juu ya mzizi, na kila siku unaobaki pale nyuzi nyingine zinakatika. Kulegea kulikuwapo, ila ugaga ulificha kulegea huko. Na kwa siku chache baada ya kusafishwa meno yanaweza kweli kucheza kidogo zaidi, kwa kuwa nyama imeguswa. Kisha uvimbe unashuka, nyuzi zilizobaki zinakaza, na katika wiki zinazofuata meno mengi huwa imara kuliko yalivyokuwa kabla. Si yote, na sitakudanganya kwamba ni yote. Jino ambalo mfupa wake ulikuwa umekwisha litaendelea kulegea, lakini lilikuwa linaondoka hata bila kusafishwa.

Kuhusu antibiotiki. Bakteria wa mfukoni hawaelei ovyo. Wamejishika kwenye mzizi kwa tabaka nene, wamejifunika kwa ute wao wenyewe, na dawa inayopita kwenye damu haiwafikii ipasavyo. Inaowafikia ni wale wachache walioingia ndani ya nyama na kuleta jipu. Ndiyo maana unapata nafuu, na ndiyo maana nafuu yenyewe haidumu. Ni sawa na kupaka marhamu mguu ambao mwiba bado umo. Antibiotiki zina nafasi: jipu likiambatana na homa au uvimbe unaosambaa, au kwa mgonjwa aliyechaguliwa kwa uangalifu, amoksilini pamoja na metronidazoli huongezwa kwenye usafishaji wa kina na kuleta faida fulani ya ziada. Neno zito hapo ni "kwenye usafishaji". Bila kusafisha, kila dozi unayonunua inawafundisha bakteria kuizoea, na siku utakapoihitaji kweli huenda isikusaidie. Ujue pia kwamba metronidazoli huongeza nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini hadi kiwango cha hatari, na mtu akiinywa hushauriwa asiguse pombe.

Sasa ushauri wa dada yako. Najua anasema kwa huruma, amekuona ukiumia. Lakini kung'oa yote ni uamuzi usio na njia ya kurudi, na haupaswi kufanywa wakati wa maumivu. Kuna utafiti wa Marekani wa Hirschfeld na Wasserman, uliochapishwa mwaka 1978, uliowafuatilia wagonjwa 600 wa fizi kwa wastani wa miaka 22 wakiwa wametibiwa na kuendelea kurudi kusafishwa. Takriban asilimia 83 yao walipoteza meno yasiyozidi matatu katika muda wote huo. Upande wa pili, Löe na wenzake waliwafuatilia vibarua wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka ambao hawakuwa wakipata huduma yoyote ya meno, na taarifa yao ya mwaka 1986 ilionyesha kwamba miili haifanani: karibu asilimia 8 waliharibika kwa kasi, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba. Kwa hiyo yaliyompata ndugu au jirani hayatabiri yatakayokupata wewe. Kinachotabiri ni vipimo vya mdomo wako, sukari yako na kama utarudi kwa daktari.

Yapo meno yanayostahili kuondoka, na kuyang'ang'ania ni kujiumiza. Jino linalosogea juu na chini likibonyezwa, lenye mfupa uliokwisha hadi karibu na ncha ya mzizi, lenye mzizi uliopasuka, au linalorudia kujaa usaha hata baada ya kutibiwa kwa ukamilifu. Hayo yang'olewe. Mengine yote yenye shaka hupewa nafasi ya kusafishwa kwanza, kisha hukumu hutolewa baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu jino linaloonekana halifai likiwa limevimba mara nyingi hutushangaza likishatulia.

Na huko kwenye "kupumzika" si kama watu wanavyodhani. Meno ya bandia ya kuvaa hukaa juu ya fizi na mfupa, na mfupa usio na meno huendelea kupungua mwaka hadi mwaka, hivyo meno hayo hulegea na kuhitaji kurekebishwa. Vipandikizi vinavyofungwa ndani ya taya ni vizuri, lakini mtu aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi ana hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa unaofanana nao kuzunguka vipandikizi, hasa sukari ikiwa juu na usafi ukiwa uleule wa zamani. Bakteria hawabagui mzizi wa asili na wa bandia.

Kisukari chako kinahitaji aya yake. Uhusiano ni wa pande mbili: sukari iliyo juu huzidisha uvimbe wa fizi na kuchelewesha kupona, na fizi zenye ugonjwa huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Habari njema imo humo humo. Mapitio makubwa ya tafiti yameonyesha kwamba kutibu fizi hushusha HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwa takriban pointi 0.4 za asilimia baada ya miezi mitatu au minne. Si kidogo, kinakaribia kile ambacho madaktari hutarajia wanapoongeza kidonge cha pili. Kwa hiyo mweleze daktari wako wa kisukari kwamba unaanza matibabu ya fizi, na mpelekee wa meno majibu yako ya HbA1c ya karibuni. Siku ya miadi kula kama kawaida na unywe dawa zako. Usiende na njaa kwa kuogopa. Miadi ya asubuhi inafaa zaidi. Baadaye, mdomo ukiwa bado umeganda, kula kitu laini kwa uangalifu usije ukajing'ata, lakini usikae bila kula.

Hukusema kama unavuta sigara. Kama unavuta, mwambie daktari ukweli wote. Sigara hupunguza damu kwenye fizi hadi zikaonekana tulivu kuliko zilivyo, na huvuruga uponaji kiasi kwamba kazi ileile ya daktari huzaa matokeo hafifu.

Nyumbani, damu isikuzuie kupiga mswaki. Fizi inayotoka damu inahitaji kusafishwa zaidi, kwa upole. Tumia mswaki laini, mara mbili kwa siku, ukiulaza ili nyuzi zielekee pale fizi na jino vinapokutana. Lakini mswaki pekee haufiki kati ya meno, na ugonjwa wako unaishi huko. Kwa nafasi zilizopanuka kama zako, uzi wa meno hautoshi. Vibrashi vidogo vya katikati ya meno hufanya kazi bora zaidi, na kwa kawaida mtu huhitaji saizi mbili au tatu kwa nafasi tofauti. Mwombe daktari akuchagulie na akuone ukivitumia mbele yake. Dakika tano hizo za mafunzo nazithamini kuliko chupa yoyote ya kusukutua. Klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua bakteria, inafaa kwa wiki mbili hivi baada ya kusafishwa, wakati fizi ina maumivu ya kuguswa; ikitumiwa muda mrefu hutia meno madoa ya kahawia na kubadilisha ladha ya chakula, na haizami ndani ya mifuko mirefu.

Baada ya miezi mitatu hivi kutoka kusafishwa utapimwa upya, sehemu sita kuzunguka kila jino. Tunachotafuta ni mifuko isiyozidi milimita 4 na isiyotoka damu ikiguswa. Mingi itakuwa imefunga. Palipobaki milimita 6 au zaidi, hasa kwenye magego, daktari anaweza kupendekeza upasuaji mdogo wa kuifunua fizi na kusafisha akiona kwa macho. Mahali ambapo mfupa umechimbika kama shimo kando ya jino, inawezekana kuurudisha kiasi kwa vifaa maalumu. Pale uliposhuka kwa usawa kote haurudi, na anayekuahidi kwamba utarudi, mwombe akuonyeshe kwenye picha yako anamaanisha wapi. Tangu hapo utarudi kusafishwa na kupimwa kila miezi mitatu kwa mwaka wa kwanza angalau, kisha muda unaweza kurefushwa kulingana na vipimo.

Gego hilo lisingoje ratiba ya mdomo mzima. Omba lionwe wiki hii, na uliza mambo matatu kabla ya kutoka kwenye kiti: kiini chake kiko hai au kimekufa, mfuko wake una milimita ngapi na umeingia kati ya mizizi au la, na usaha umetolewa wote au umebaki. Omba majibu yaandikwe pamoja na nakala ya eksirei, ili hata ukihamia kwa daktari mwingine asianze kubahatisha. Meno mawili ya mbele yapimwe siku hiyo hiyo, lakini uamuzi wake usitolewe mpaka kipimo cha miezi mitatu.